Tairi Likitazama Kando: Uchambuzi wa Alaimenti ya Magari ya Mbio

Tarehe 20 Februari 2020, katika majaribio ya kabla ya msimu mjini Barcelona, kamera iliyofungwa kwenye gari la Lewis Hamilton ilionyesha jambo lililowashangaza hata wakongwe wa Formula 1. Akifika kwenye sehemu iliyonyooka, Hamilton aliuvuta usukani mzima kuelekea kifuani. Akikaribia kona, aliusukuma ukarudi mahali pake. Kila alipouvuta, magurudumu mawili ya mbele yalijinyoosha kidogo. Mercedes walikuwa wamempa dereva uwezo wa kubadili alaimenti, yaani pembe za magurudumu, akiwa mwendoni.

Mafundi wa timu nyingine walielewa papo hapo kwa nini mtu angetaka kitu kama hicho. Tangu mbio za magari zianze, alaimenti ina kasoro moja isiyokwisha: hupimwa gari likiwa limesimama sakafuni, lakini hutumika gari likiwa linakimbia, limelalia upande, limekandamizwa na upepo, na raba inafukuta kwa joto. Namba zinazoandikwa gerejini ni za gari lililotulia, na gari likishatoka nje halitulii tena. Karibu kila kifaa na kila ujanja wa wahandisi katika eneo hili ni jaribio la kuziba pengo hilo, na magomvi mengi kati yao na wasimamizi yameanzia hapo hapo.

Ugomvi wa usukani wa Mercedes ulikuwa mfupi. Red Bull waliwasilisha pingamizi nchini Austria mwanzoni mwa Julai mwaka ule ule. Waamuzi wakasema mfumo ule ni sehemu ya usukani, si sehemu ya saspensheni, kwa hiyo ni halali. Kanuni za 2021 zikaupiga marufuku. Msimu mmoja tu, basi. Tangu hapo madereva wa F1 wamerudi kule walikokuwa wenzao wote: wanachofungiwa gerejini ndicho wanachoondoka nacho.

Pembe zinazogombaniwa ni tatu. Ya kwanza ni kutazama kwa tairi, gari likiangaliwa kutoka juu: matairi mawili ya ekseli moja yanaweza kutazama ndani kidogo, au kila moja likatazama nje. Ya pili ni kemba, yaani mlalo wa tairi gari likiangaliwa kutoka mbele. Kichwa cha tairi kikiingia ndani, kemba ni hasi; kikitoka nje, ni chanya. Ya tatu, kasta, si rahisi kuiona kwa macho. Ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, na ndiyo inayoufanya usukani ujirudie katikati ukiachiwa. Gari la kwendea kazini lina pembe hizo hizo. Ila la kazini hupangwa ili matairi yadumu miaka, na la mbio hupangwa ili matairi yatoe yote yaliyo nayo kwa saa moja na nusu, au kwa mzunguko mmoja tu wa kufuzu.

Kemba ndiyo yenye mvuto zaidi. Gari likiingia kona kwa kasi, mwili hulalia nje, na matairi ya upande wa nje hubeba sehemu kubwa ya uzito. Ubavu wa tairi nao hupinda. Tairi lililosimama wima gerejini litajikuta linakanyaga kwa ukingo wa nje tu. Ndiyo maana gari la mbio lililoegeshwa huonekana kama mtu aliyepanua miguu: matairi yamelazwa mapema ili mzigo wa kona ukija raba yote ilale kwenye lami. Bei ya ujanja huo hulipwa kwenye sehemu iliyonyooka. Huko hakuna mzigo wa upande, kwa hiyo tairi hutembelea ukingo wa ndani, ukingo ule huchemka, na dereva akikanyaga breki anakuta raba ya kushika ardhi ni pungufu.

Spa-Francorchamps, Ubelgiji, Agosti 2011, bei hiyo ilionekana hadharani. Pirelli, wakiwa katika msimu wao wa kwanza kama wasambazaji pekee wa matairi ya F1, walikuwa wameshauri kemba ya mbele isizidi digrii 4. Red Bull wakaenda mbele ya hapo. Baada ya mchujo wa Jumamosi, matairi ya mbele ya Sebastian Vettel na Mark Webber yalikutwa na malengelenge, na kwa kanuni za wakati ule walitakiwa kuanza mbio na matairi hayo hayo. Wote wawili waliingia pit mapema kabisa kuyabadilisha. Kisha Vettel akashinda, na Webber akawa wa pili.

Matokeo hayo yanaeleza kwa nini ushauri peke yake haukutosha. Kemba kali hukaribisha balaa, lakini huleta kasi, na timu inayoona mwenzake amethubutu na kushinda haiwezi kukaa kwenye namba ya uungwana. Ilibidi matairi yapasuke kweli kweli. Tarehe 30 Juni 2013, katika mashindano ya Uingereza huko Silverstone, tairi la nyuma kushoto la Hamilton lilichanika akiwa anaongoza. Yakafuata ya Felipe Massa na Jean-Éric Vergne, na Sergio Pérez naye akapatwa kabla ya mbio kuisha. Pirelli walitaja sababu kadhaa: matairi ya nyuma kufungwa kinyume, la kushoto kulia na la kulia kushoto, upepo mdogo ndani ya tairi, kemba iliyopita kiasi, na kingo kali za kona. Wiki moja baadaye, Ujerumani, FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizo, ilifanya ushauri kuwa amri: digrii 4 mbele, digrii 2.5 nyuma, na upepo usishuke chini ya kiwango. Walichokuwa wakishauriwa tu, sasa walikaguliwa.

Kutazama kwa tairi ni jambo la kimya zaidi, lakini ndiko dereva anakohisi mabadiliko madogo kuliko yote. Matairi ya mbele yakitazama nje kidogo, gari huingia kona kwa wepesi, maana tairi la ndani limeshaanza kugeuka kabla dereva hajamaliza kuomba. Nyuma ni kinyume: matairi ya nyuma hutazama ndani ili gari litulie dereva anapofungulia mafuta. Matairi ya nyuma yanayotazama nje huligeuza gari kuwa kitu cha kuogopwa, na fundi aliyekosea upande wa kuzungusha spana huyajua makosa yake kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha.

Hasara yake inaweza kuhesabiwa. Tairi linalotazama kando kwa robo digrii, gari likienda moja kwa moja, huburuzwa upande takriban mita 4.4 katika kila kilomita. Mashindano ya F1 ni ya kilomita 305 hivi. Kwa umbali huo, tairi hilo litakuwa limeburuzwa upande zaidi ya kilomita 1.3. Joto lote la mburuzo huo huishia kwenye raba, na nguvu yote hiyo hutoka kwenye injini. Wakati mwingine joto hilo hutakiwa, hasa siku ya baridi matairi ya mbele yanapokataa kuamka. Na usukani wa Mercedes ulisaidia hapo pia.

Kupima, basi. Wasomaji wengi watadhani timu za mbio hutegemea leza na kompyuta. Zipo, na gereji nyingi za Nairobi na Dar es Salaam nazo zina mashine za kamera. Lakini ukitembelea eneo la timu kwenye mbio za daraja la kati, Ulaya au Marekani, utamkuta fundi amepiga magoti ubavuni mwa gari, mkononi ana rula ya chuma, na mbele yake umenyooshwa uzi.

Nyuzi ni mbili, moja kila upande, zimefungwa kwenye fito zenye mifereji iliyokatwa kwa umbali sawa, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu. Timu makini hufunga fito hizo kwenye gari lenyewe, ili gari likisogea nyuzi zisogee nalo. Kwanza fundi huhakikisha nyuzi ziko sambamba na gari: kutoka uzi hadi katikati ya gurudumu la mbele, kushoto na kulia lazima pawe sawa, na nyuma vivyo hivyo. Hapo ndipo anapopima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo jibu. Kwenye rimu ya inchi 18, tofauti ya milimita moja ni kama dakika saba na nusu za digrii, yaani sehemu moja ya nane ya digrii. Jicho lililozoea husoma nusu ya milimita bila shida.

Uzuri wa uzi ni kwamba haudanganyi. Leza huhitaji kusawazishwa, mashine ya kamera huhitaji programu na umeme, lakini uzi uliokazwa ni mnyoofu, na asiyeamini anaweza kupima tena. Kinachodanganya ni mambo mengine. Rimu iliyopinda huhamisha jibu, kwa hiyo gurudumu huzungushwa nusu duara na kupimwa mara ya pili. Gari lililoshushwa kutoka kwenye jeki hukaa limenyanyuka kidogo, maana matairi hushikwa na sakafu na kushindwa kutanuka. Kwa hiyo husukumwa mbele na nyuma, au magurudumu huwekwa juu ya sahani mbili zenye grisi katikati. Wenye mfuko mwembamba hutumia vigae viwili vya plastiki na grisi kidogo, na matokeo hayana tofauti ya kusemwa.

Halafu sakafu. Kemba hupimwa kwa pimamaji, ya kiputo au ya kidijitali, inayobanwa kwenye rimu, na pimamaji hulinganisha tairi na mvuto wa dunia. Haijui lolote kuhusu gari. Chukua gari ambalo umbali kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni mita 1.6, liweke kwenye sakafu iliyoshuka sentimita moja upande wa kushoto. Gari zima limeinama digrii 0.36. Kama kemba halisi ni digrii 3 hasi pande zote, fundi atasoma 2.64 kushoto na 3.36 kulia, na akiwa mtiifu kwa kifaa chake atatumia saa nzima kuharibu gari lililokuwa sawa. Ndiyo sababu timu husafiri na mabamba yao ya chuma yenye miguu ya kurekebisha, na jambo la kwanza wakifika kiwanjani, kabla hata ya kushusha gari, ni kuyasawazisha. Kwa dereva wa mbio za klabu Kampala au Mombasa, sehemu ndogo ya sakafu iliyosawazishwa na kuwekwa alama ya rangi ina faida kuliko mashine yoyote atakayouziwa.

Mpangilio wa kazi nao hauna mzaha. Upepo wa matairi huwekwa sawa kwanza, mafuta hutiwa kiasi kinachojulikana, na kwenye kiti huwekwa mtu au mifuko ya mchanga yenye uzito wa dereva. Stabilaiza hufunguliwa ili isivute upande mmoja. Kimo cha gari hufuata, pamoja na uzito wa kila kona kwenye mizani nne, kisha kasta, kisha kemba, na kutazama kwa matairi huja mwisho kabisa kwa sababu kila kilichotangulia hukuvuruga. Kasta yenyewe haipimwi moja kwa moja. Gurudumu hugeuzwa digrii 20 upande mmoja na kemba ikasomwa, kisha digrii 20 upande wa pili, na tofauti huzidishwa kwa 1.46. Gereji nyingi huikadiria kuwa 1.5, na hakuna gari lililowahi kushindwa kwa ajili hiyo.

Baada ya yote hayo bado ni gari lililosimama. Shahidi wa kuaminika zaidi wa yaliyotokea nje ni raba, na raba huhojiwa kwa sindano. Gari likiingia pit, fundi huchoma kipimajoto milimita chache ndani ya tairi, mahali patatu: ndani, katikati, nje. Wahandisi wengi hupenda ukingo wa ndani uwe na moto zaidi ya wa nje kwa nyuzijoto chache, dalili kwamba kemba inafanya kazi kwenye kona bila kuua tairi kwenye sehemu iliyonyooka. Katikati pakiwa na moto kuliko kote, upepo umezidi. Lakini shahidi huyu husahau haraka: mzunguko mmoja wa polepole kurudi pit hutosha kusawazisha joto na kufuta ushahidi. Pia husema wastani tu. Kiwanja chenye sehemu ndefu zilizonyooka kitaonyesha ukingo wa ndani wenye moto hata kama kwenye kona tairi lilikuwa likilia kwa kukosa kemba. Mhandisi anayesoma namba tatu bila kuikumbuka ramani ya kiwanja atarekebisha kisichoumwa.

Kuna pia suala la magurudumu mawili ya mbele kugeuka kwa viwango tofauti. Kwenye kona, gurudumu la ndani huchora duara dogo, hivyo linapaswa kugeuka zaidi kuliko la nje. Wazo hilo ni la enzi za magari ya farasi: Mjerumani Georg Lankensperger alilibuni, na wakala wake Rudolph Ackermann akalisajili London mwaka 1818, ingawa Mwingereza Erasmus Darwin alikuwa ameshalifikia miongo mingi kabla. Kwa farasi na kwa magari ya mtaani ni sahihi. Gari la mbio, ambalo matairi yake yote yanateleza kidogo upande muda wote wa kona, halilazimiki kulifuata, na baadhi ya wabunifu wa F1 wamelipindua kabisa: tairi la nje, lililobeba mzigo, ndilo linalogeuzwa zaidi.

Amerika wana dunia yao. Indianapolis, kiwanja cha maili 2.5 chenye kona nne zote za kushoto, hakina sababu ya kuliheshimu tairi la kushoto sawa na la kulia. Matairi ya kulia hupewa kemba hasi, ya kushoto hupewa chanya, hata yote manne yanainamia upande mmoja, kule gari linakokwenda kugeuka. Gari la namna hiyo likiachiwa usukani huelekea kushoto lenyewe. Mgeni atadhani limegongwa. NASCAR ilifika mbali zaidi: karibu mwaka 2012 timu zilikuwa zikipinda ekseli ya nyuma kiasi kwamba magari yalionekana yakienda kiubavu kama kaa hata kwenye sehemu zilizonyooka, kwa sababu ubavu ule ulishika upepo na kuliweka gari vizuri kwenye kona. Wasimamizi wakabana. Tangu 2018 ukaguzi wa NASCAR hutumia kibanda cha kamera kinacholinganisha umbo la gari zima na mchoro wake wa kompyuta.

Ukitoka kwenye lami, hesabu nyingi hapo juu hulegea. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikiwa na makao yake Naivasha, haina kona ya kupangia kemba ya nusu digrii. Kuna vumbi laini linalomeza gurudumu, kuna mawe, na baada ya mvua kuna matope. Saspensheni hupanda na kushuka zaidi ya sentimita 20, na hapo huzuka adui ambaye dereva wa kiwanjani humjua kwa mbali tu: tairi kubadilisha mahali linapotazama kila linapopanda na kushuka, bila usukani kuguswa. Kulipima tatizo hilo, springi hutolewa, gurudumu hunyanyuliwa kwa jeki sentimita moja moja, na kila hatua kutazama kwake kunaandikwa. Kulitibu ni kuongeza au kupunguza washa chini ya tairodi, fito inayounganisha usukani na gurudumu, kisha kuanza kupima upya. Ni kazi ya kuchosha na haionekani kwenye picha yoyote, lakini gari ambalo halijafanyiwa hivyo litamvuta dereva huku na huku kwenye kila tuta.

Kati ya hatua za mashindano, dereva na msomaji ramani wake hujitengenezea wenyewe kwa zana walizobeba ndani ya gari. Usukani uliokaa upande wakati gari linakwenda mbele huwaambia kwamba mkono wa saspensheni umepinda, na marekebisho ya kandokando ya barabara huwa ya kukadiria kwa macho. Jioni, mafundi hupewa dakika 45 za kurudisha kila kitu kwenye namba zake. Na kuna siku namba hazisaidii. Katika Safari ya mwaka 2021, dereva Thierry Neuville aliianza Jumapili akiongoza, shokabu ya nyuma kulia ikafa katika hatua ya Loldia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota.

F1 nayo ina saa yake. Mchujo ukishaanza, kanuni huzuia timu kubadili mpangilio wa saspensheni mpaka mbio zianze. Kilichovunjika hurudishwa kwa kingine cha aina ile ile. Tarehe 19 Julai 2020, Hungary, Max Verstappen aligonga ukuta kwenye lami yenye maji akiwa njiani kwenda kupanga mstari, akavunja pushirodi na tairodi ya mbele kushoto. Mafundi wa Red Bull walizibadilisha pale pale kwenye mstari, katika kama dakika 20, bila sakafu iliyosawazishwa. Kazi ya namna hiyo huwezekana pale tu kila kipuri cha akiba kimepimwa na kuwekwa urefu wake kabla ya kuondoka kiwandani, hata kikifungwa gizani tairi litatazama linakopaswa kutazama. Walimaliza sekunde chache kabla ya muda wa kuondoka mstarini kuisha. Verstappen akamaliza wa pili, nyuma ya Hamilton.